Shangazi, ofisi yangu ya nyota niiite nini?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Chang'ombe hapa Dodoma mjini. Kwetu ni Kondoa, Mrangi, Mwislamu. Mume wangu ni Mgogo wa Mvumi, Mwanglikana. Tulifunga ndoa bomani mwaka 2012 kila mtu akabaki na dini yake, na tangu siku hiyo ndugu zangu na ndugu zake hawajawahi kukubaliana jambo, hata nani akae wapi kwenye msiba. Mwaka huu wamekubaliana kwa mara ya kwanza: wote hawataki kusikia habari ya biashara yangu. Mama mkwe ameweka karatasi kwenye Biblia, Kumbukumbu la Torati 18 panapokataza ramli, akaniachia mezani. Mjomba naye kanipigia simu toka Kondoa kunikumbusha kwamba anayekwenda kwa mpiga ramli sala yake ya siku arobaini haipokelewi. Nikamuuliza, na huyo mpiga ramli mwenyewe je? Akakata simu.

Biashara yenyewe ni hii. Babu mzaa mama alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani na mjuzi wa falaki, elimu ya nyota. Nilikaa naye tangu nina miaka tisa mpaka alipofariki. Alikuwa na sinia la bati, ndani yake mchanga wa Mto Bubu aliouchekecha mpaka ukawa laini kama unga wa uwele. Mtu akija na jambo lake, babu anadonoa mchanga kwa kidole cha shahada, mistari minne, haraka haraka bila kuhesabu, midomo inasoma. Kisha anafuta nukta mbili mbili. Mstari ulioisha kwa moja unabaki na moja, ulioisha kwa mbili unabaki na mbili. Minne ikikaa juu kwa chini inakuwa umbo. Anarudia mara nne. Maumbo yako 16, kila moja lina jina lake na tabia yake.

Hilo la mchanga nalijua nusu nusu. Ninalolijua vizuri ni hesabu ya majina: jina la mtu na jina la mama yake unayapa tarakimu za abjadi, yaani kila herufi ya Kiarabu ina namba yake, unajumlisha, unatoa 12, 12, kinachobaki ndiyo nyota. Nilianza kwa mzaha na wenzangu tunaouza nguo za mtumba Sabasaba. Mzaha ukatoka nje. Siku hizi Jumamosi na Jumapili sebule yangu haina nafasi. Wanakuja watumishi toka Mtumba, kwenye mji wa Serikali, kwa bodaboda, wanakuja wanachuo wa UDOM boom (hela yao ya mkopo) likichelewa, nao hulipa likitoka. Natoza 5,000. Situmii dawa, sichinji kuku, sina tunguri.

Imetokea tatizo dogo mara moja tu, mwenye mgahawa mmoja alipotelewa na laki tatu na nusu akaja, nikamwambia hesabu inaonyesha ni mtu wa karibu anayekula naye chungu kimoja, akamfukuza binti wa jikoni, baadaye hela zikaonekana ndani ya mfuko wa ngano alikozificha mwenyewe. Lakini hilo lilikwisha na mteja bado anakuja.

Sasa nimepata fremu Majengo, karibu na soko, 80,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi sita. Kijana wa grafiki amenichorea mabango matatu nichague. La kwanza: "Dkt. Bi Nyota International". La pili: "Kondoa Original Tiba na Utabiri". La tatu: "Nyota Yako Imerudi". Mimi moyoni nataka jina la babu yangu, na neno "Falaki" nyuma yake. Mume anasema nisiweke jina lolote, watu watajua tu. Rafiki yangu anasema bila kusajili jina BRELA nitafungiwa, na nikienda BRELA vilevile nitafungiwa.

Shangazi, nichague lipi? Nisajili wapi? Na ni kweli siku hizi wanakamata?

Mjukuu wa Mnajimu, Chang'ombe, Dodoma

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako imejaa majina ya mabango, na katikati yake kuna sentensi moja ndefu umeipitisha bila nukta, kama mtu anayepitisha furushi kwenye basi asidaiwe nauli ya mzigo. Mimi kabla ya kustaafu nilikaa miaka mingi dirisha la leseni za biashara kwenye halmashauri moja ya kanda hii, na kazi ile ilinifunza kutazama furushi kwanza. Kwa hiyo tuanze na binti wa jikoni. Mabango yatasubiri.

Unasema tatizo dogo. Dogo kwa nani? Mwenye mgahawa kapata hela zake, wewe umebaki na mteja wako. Binti amerudi kwao na jina la mwizi, na katika mji huu ambao wapishi wa migahawa wanajuana wote, jina hilo litamtangulia kila jiko atakalobisha hodi. Na wewe hukumtaja, najua utaniambia hivyo. Ulisema tu "mtu wa karibu anayekula naye chungu kimoja". Mwanangu, kwenye mgahawa nani hali chungu kimoja? Ulimshonea yule bwana kanzu isiyo na kipimo, akaenda kumvisha wa kwanza aliyekutana naye, na kama kawaida wa kwanza kukutana naye akawa mnyonge kuliko wote. Mkewe mwenye funguo hakuvishwa. Shemeji anayekaa kaunta hakuvishwa.

Hicho ndicho watu wanachokiita ramli chonganishi. Wengi hudhani ramli chonganishi ni ya mzee mwenye ngozi ya chui porini, anayemtaja jirani kwa jina na ukoo. Mara nyingi hatajwi mtu. Anatajwa mtu mfupi, mtu mweusi kidogo, mama mzee wa upande wa machweo, na mteja anamalizia mwenyewe. Kule Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na wa samadi waliopikia maisha yao yote. Mpiga ramli hakushika panga. Alitoa sentensi tu, kama yako. Na baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, mwezi Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli nchi nzima na polisi wakaingia kazini. Kwa hiyo swali lako la mwisho nalijibu kwanza: ndiyo, wanakamata, na wakija hawataanza kukuuliza kama ulitumia tunguri au abjadi. Wataanza kwa aliyeumia.

Sheria ya Uchawi tuliyonayo ni ya mwaka 1928, Sura ya 18. Mkoloni aliiandika, sisi tukabaki nayo. Ndani yake ni kosa kujidai una nguvu za uchawi, na ni kosa kumwonyesha mtu kwamba ndiye mchawi. Juu yake iko Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo ina kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu: ukimwambia mtu hirizi hii itamrudisha mumewe kabla ya Ijumaa, ukachukua laki, Ijumaa ikapita, hapo ana la kwenda kueleza kituoni. Utabiri wa nyota wa kumwambia mtu wa Mizani asigombane na bosi wiki hii magazeti yetu yameuchapa miaka nenda rudi, lakini Kanuni hiyohiyo inasema ni kosa kutabiri kwa malipo, au kujidai kwa elimu ya siri unajua kilichoibwa kiko wapi. Kwa hiyo hata wewe usijione uko salama.

Kwa hiyo kabla ya jina, tujue unauza nini. Nitakuambia ninavyoona, na usikasirike. Siamini kwamba nyota inajua habari za boom la mwanachuo. Lakini marehemu baba yangu naye alikuwa mtu wa chuo, abjadi nimeipigia mstari kwenye ubao nikiwa mdogo, kwa hiyo tuongee kama watu wa kazi. Chukua Mariamu binti Amina. Mimu 40, ra 200, ya 10, mimu 40: Mariamu ni 290. Amina ukimwandika kwa alifu, mimu, nuni na ha ni 96. Jumla 386. Toa kumi na mbili kumi na mbili, zinabaki 2, nyota yake Ng'ombe. Vizuri. Sasa Mariamu huyohuyo amezaliwa mwezi wa nane tarehe 10, kwenye gazeti yeye ni Simba. Anakuja kwako Simba, anatoka Ng'ombe. Umemwibia au umemwongezea? Kama hujamweleza kuwa yako ni nyota ya jina na ile ya gazeti ni ya tarehe, akifika nyumbani wewe ni mwongo.

Na hao ni wenye majina ya Kiarabu. Hapa tuko Ugogoni. Akija mwenye jina la Mazengo, utamwandikaje? Kiarabu hakina "ng". Ukiweka ghaini umempa 1000, ukiweka kafu umempa 20, na kwa hesabu ya kutoa 12 ya kwanza inaacha 4, ya pili inaacha 8. Mtu mmoja, jina moja, nyota mbili kwa kalamu yako tu. Babu yako kule Kondoa alikuwa na desturi yake ya kuandika, na hukuniambia kama alikuachia. Ukiwa na desturi moja, ishike hiyo hiyo kwa kila mteja. Ukiwa unabadili herufi ili nyota ipendeze, wewe na mimi tunajua hiyo inaitwaje.

Ila kuna kitu unauza ambacho ni cha kweli, na 5,000 si bei mbaya kwacho. Mtu anaingia, anakaa, unamuuliza jina la mama yake. Mwanangu, lini mara ya mwisho mtumishi wa Mtumba kaulizwa jina la mama yake na mtu asiye na haraka? Kwenye fomu za serikali anaulizwa, lakini pale anayeuliza hatazami juu. Wewe unaliandika polepole, herufi kwa herufi, naye anaanza kueleza mwenyewe alichokuja nacho. Uza hicho. Uza hesabu ya babu kama hesabu ya babu, na masikio yako kama masikio yako.

Haya, mabango.

"Dkt. Bi Nyota International" lichane leo. Huna udaktari, na hiyo "International" ya chumba kimoja Majengo itachekwa na wauza nyanya kabla rangi haijakauka. Nguzo za umeme zimechoka na hao madokta: dokta kutoka Sumbawanga, dokta kutoka Pemba, dokta wa Gamboshi, anarudisha mpenzi, anakuza biashara, anaongeza kila kitu isipokuwa akili. Ukijipanga nao kwenye nguzo, polisi na wateja watakusoma kama wao. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Mei 2011, alikuwa mnajimu aliyejulikana Afrika Mashariki nzima, na watu walimjua kwa jina lake tu.

"Kondoa Original Tiba na Utabiri" lina neno moja la hatari, nalo ni tiba. Tiba ina sheria yake, ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, na ina baraza lake linalosajili waganga. Anayetaka njia hiyo anaanzia serikali ya mtaa, anapita kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri. Wewe mwenyewe umeandika hutumii dawa. Basi neno la nini? Ukiliandika ukutani utaletewa mtoto anayeharisha, utaletewa mama mwenye uvimbe, utaletewa kijana anayesikia sauti usiku, na wote watakuwa wamepoteza siku kwako. Nitaongeza jambo hapa hata kama hukuuliza: bandika karatasi mlangoni kwamba wagonjwa huwapokei. Anayeumwa mwili, hospitali ya General ipo. Anayesikia sauti, tuna hospitali ya akili ya Mirembe hapa hapa mjini, na utani wa Dodoma kuhusu Mirembe uache nje ya chumba chako, kwa sababu utani huo ndio unaowafanya watu waje kwako kwanza.

Na hiyo "Original" inamaanisha kuna feki. Nani?

"Nyota Yako Imerudi". Kijana wa grafiki ana kipaji, hili linauza. Lakini lisome tena. Ili nyota irudi lazima ilikwenda, na ikiwa ilikwenda kuna aliyeichukua. Mteja atakaa kitini na swali moja tu: nani kaiba nyota yangu? Na tumeshaona unavyojibu maswali ya nani. Bango hilo litakuletea wenye mgahawa wa mji mzima.

Jina la babu ndilo lililonigusa, na ndilo gumu. Kwanza si lako peke yako. Mjomba aliyekukatia simu ni mtoto wa mzee yule, na akiliona ukutani Majengo, wilaya nyingine, limechorwa nyota na mwezi mwandamo, hatapiga simu tena, atapanda basi. Pili, babu alikuwa mwalimu wa chuo. Wapo watu wazima leo waliofunzwa alifu na yeye, na wengine huenda ni maimamu. Unataka waseme nini? Ukitaka kulitumia, nenda Kondoa, kaa chini na wajomba, wakubali kwa midomo yao na ikiwezekana kwa maandishi. Wakikataa, umekatazwa.

Neno "Falaki" lenyewe nalipenda, ni neno safi, la elimu ya nyota. Shida ni kwamba nusu ya Majengo watadhani unauza madirisha ya aluminiamu.

Kama ningekuwa mimi ningeandika "Kwa Mjukuu", na chini yake kwa herufi ndogo "hesabu za nyota kwa jina". Waswahili tukipapenda mahali tunapaita kwa mtu. Dar es Salaam kuna vituo vya daladala vinaitwa Kwa Mtogole, Kwa Aziz Ali, na abiria wengi hawajui hao walikuwa nani. Mji wetu wenyewe ulipata jina hivyo hivyo bila ofisi yoyote: Wagogo wanasimulia tembo alikuja kunywa maji, akadidimia, wakasema idodomya. "Kwa Mjukuu" halijaahidi mume, halijaahidi hela, halijaiba nyota ya mtu, na babu yumo ndani bila kutajwa. Mumeo anayesema usiweke jina hayuko mbali sana na ukweli. Amekosea tu kudhani kwamba usipoweka watu watakuachia hivyo hivyo. Watakuita wao, na neno watakalochagua ni "kwa yule mchawi".

Usajili. Rafiki yako amechanganya mambo mawili, na dirishani kwangu waliyachanganya wengi. BRELA wanasajili jina la biashara. Unaingia kwenye mfumo wao wa mtandaoni kwa namba yako ya NIDA, unatafuta kama jina limeshachukuliwa, na nakuhakikishia majina yenye "Nyota" utayakuta mengi: saluni, mabasi, shule za chekechea. Likiwa huru unaomba, unapewa namba ya malipo, unalipa, unasubiri. Jina linalofanana sana na la mwingine, au linalojifanya la serikali, watalirudisha. Ukipata cheti, umepata cheti cha jina. Hakisemi kwamba unachofanya ndani kimeruhusiwa. Nimeona mtu anatundika cheti cha BRELA ukutani kama hirizi, akidhani mgambo akikiona ataishiwa nguvu.

Ruhusa ni leseni ya biashara, na hiyo iko jijini, siku hizi inaombwa kwenye mfumo wa TAUSI, baada ya kuwa na TIN ya TRA. TIN hailipiwi. Ukiona kishoka nje ya ofisi anakudai hela ya TIN, mpite. Lakini kabla ya kubonyeza chochote nenda ukaonane na afisa biashara ana kwa ana, umwambie kwa maneno haya haya: nahesabu nyota kwa majina, situmii dawa, sitaji watu. Akuambie utaandikwa kwenye aina gani ya biashara, au kama hataki kukuandika kabisa. Kwa miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kuona mtu ameandika "ramli" kwenye fomu. Waliandika vipodozi, wakaandika ushauri, na mmoja, Mungu amsamehe, aliandika "utafiti wa mambo yajayo". Nilimuuliza, yajayo lini? Akasema itategemea na mteja. Usifanye hivyo. Siku ya matatizo, leseni ya vipodozi mkononi mwa mpiga hesabu inakuwa ushahidi kwamba ulijua unaficha.

Na miezi sita ya fremu, 480,000, usitoe mpaka umetoka kwa afisa biashara, na kwa mwenyekiti wa mtaa pia. Mwenyekiti ndiye atakayeulizwa wa kwanza siku watu wakikusanyika mlangoni kwako. Bango nalo lina tozo yake, uliza huko huko.

Jambo ambalo hukulitaja kabisa ni daftari. Nina hakika unalo. Majina, majina ya mama zao, tarehe, namba za simu, na pembeni umeandika "mume ana mwanamke mtaa wa Kikuyu" au "anadaiwa na bosi". Tangu Mei 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi, lakini hata kusingekuwa na sheria, hebu fikiria daftari hilo likiachwa kwenye bajaji. Ukishahesabu, mpe mteja karatasi yake aondoke nayo. Wewe baki na nyota na tarehe. Na namba zao usizitumie kuwatumia ujumbe wa "nimekuota, njoo upesi". Nchi hii imeshachoshwa na jumbe za waganga wasiojulikana. Ukianza hizo utahesabiwa kwenye kundi la matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii".

Bei iandike ukutani. Yule mzee wa Samunge, Babu wa Loliondo, mwaka 2011 kikombe chake kilikuwa 500, tajiri 500, maskini 500, nchi nzima ikaijua. Ya dawa yake siyasemi, ila kwenye bei hakuna aliyebishana naye. Elfu tano ikiwa ukutani, huwezi kushawishika siku mtu amekuja analia na pochi imejaa. Na aliyekuja wiki hii asirudi wiki ijayo. Anayetaka kuhesabiwa kila Jumamosi ana tatizo ambalo abjadi haina herufi yake.

Kuhusu mama mkwe na mjomba sina dawa. Wamesoma vitabu vyao sawasawa, hawajakuzulia. Mimi nisingebishana nao kwa aya. Mama mkwe mrudishie Biblia yake na karatasi ikiwa pale pale alipoiweka, mwambie umesoma. Usimwombe akubariki. Omba asiwakataze wajukuu kwenda kwake Mvumi kwa sababu ya kazi ya mama yao, hilo ni ombi analoweza kulikubali bila kumkosea Mungu wake.

Sasa twende kwa binti. Kabla ya BRELA, kabla ya afisa biashara, nenda kwa yule mwenye mgahawa siku ya kazi, asubuhi kabla wateja hawajajaa, wafanyakazi wenzake wakiwepo wasikie. Mwambie: nilikuambia mtu wa karibu, sikuwa najua kitu, binti hakuiba, na hela umezikuta mwenyewe. Muulize anaishi wapi. Kama ni Nkuhungu nenda Nkuhungu, kama karudi kwao Mpwapwa panda gari. Mshahara wa siku alizokaa bila kazi adaiwe bosi wake, maana ndiye aliyemfukuza, lakini na wewe usiende mikono mitupu: 5,000 uliyochukua siku ile si yako. Mwenye mgahawa akikasirika asirudi tena kwako, utakuwa umempoteza mteja mmoja.

Ukirudi, mlipe yule kijana wa grafiki michoro yake mitatu hata kama hutumii hata mmoja, kazi ameifanya. Halafu mwambie akuandikie wa nne.